Masizi ya Kamachumu

Mjukuu wangu amejinunulia gari, na tangu alinunue sisi hatuna Jumapili tena. Misa ikiisha tu, huyo anachuchumaa uani kwangu hapa Buhembe, chupa mkononi, anapulizia magurudumu. Si gari zima, magurudumu tu. Majuzi nikamuuliza, "Wewe mtoto, unayapaka manukato?" Akacheka, akasema, "Bibi, hii dawa inazuia vumbi la breki lisigande kwenye rimu. Likishaganda linakula rangi, halitoki tena." Nikamwambia ailete hiyo chupa niinuse. Wameweka marashi juu yake, lakini chini kabisa ilikuwa harufu ya nta, nta ya nyuki ninayoijua mimi, na jamani, ilinibidi niingie ndani nikakae kitandani. Mtoto wa watu akadhani presha imepanda.

Ninyi mliokua wakati wa Mwingereza mtanielewa. Siku hizo gari halikuwa kitu cha kupulizia manukato, lilikuwa jambo. Watoto wa Buhembe tulikuwa na gari moja tulilolijua kwa karibu, na tulilijua kwa sababu lilikuja na baba yangu. Halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri wake, Mhindi mmoja mnunuzi wa kahawa mjini Bukoba, na Tata alikuwa dereva. Lilikuwa jeusi, limebinuka mgongo, na rimu zake zilipakwa rangi ya maziwa. Hizo rimu ndizo zilizomnyima Tata raha. Tajiri alikuwa mpole katika mambo mengine yote, lakini ukimrudishia gari lenye rimu chafu analizunguka kimya, mikono mgongoni, mpaka unatamani akutukane yaishe.

Kwa hiyo Tata, kabla ya kulirudisha mjini, alipita nalo nyumbani mchana au jioni mapema, akalisimamisha penye nyasi karibu na chemchemi, akaliogesha. Nasema akaliogesha kwa sababu ndivyo alivyofanya, kama mtu anayeogesha mtoto. Juu aliosha yeye. Magurudumu yalikuwa yangu, maana ndiyo yaliyokuwa kimo changu. Nilikuwa na mafundo yangu ya maganda makavu ya mgomba, nayachovya, nasugua, na vumbi jekundu la njia zetu linashuka na maji mpaka maziwa ya rimu yanatokea. Jiko letu lilikuwa hapo nyuma, na Mae, mama yangu, alikuwa akitoka na sufuria kulisugua kwenye mchanga, akinipitia anachovya kidole kwenye masizi ya sufuria, ananipaka kwenye ncha ya pua. "Sasa na wewe umepikwa," anasema. Nikilalamika ananipaka tena. Tata anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika.

Tata ndivyo alivyokuwa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Tata hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu. Nilidhani wanaume wote wanaoendesha magari wako hivyo, kwamba gari likishanguruma kutwa nzima mwenye gari anakuwa hana haja ya kuongeza kelele.

Sasa niwaambie kilichotupata. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, tena msichana, na baada yangu Mae hakupata mwingine. Kwetu mnajua kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, kinakwenda kwa mwana wa kiume, na Bibi, mama yake Tata, ambaye ndiye tuliyeishi naye, alikuwa akiitazama ile migomba ya marehemu mumewe kama mtu anayetazama mvua inayokuja na nguo ziko kwenye kamba. Jumapili moja walikuja majirani wakala kwetu. Mae alikuwa amepiga magoti anafunua ndizi kwenye majani, mvuke bado unatoka, na Bibi akasema, si kwa hasira, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi: "Nyumba ya msichana mmoja ni nyumba inayomngoja jirani. Mwanamume mwingine angekuwa ameshatafuta mwenye tumbo." Majirani wakatazama chini. Mae hakumtazama Bibi. Alimtazama Tata. Alimtazama muda mrefu, mkono bado umeshika jani la moto. Tata hakusema kitu.

Asubuhi yake Mae alifunga nguo zake kwenye kanga. Alinisuka nywele kwanza, akanivuta mpaka machozi yakanitoka, akasema, "Koku, mtii bibi yako," kisha akatoka. Nilipotaka kumfuata Bibi alinishika mkono. Mtoto ni wa ukoo wa baba, haendi. Mae alipanda kwao Kamachumu, kule juu, upande wa Muleba, na watu wa mtaani wakasema kwa sauti ya chini lile neno letu: amenoba. Mke akinoba maana yake ameudhika, amerudi kwa wazazi wake, na sasa ni kazi ya mume kumfuata.

Lakini kumfuata kuna njia yake, na hapo ndipo tulipokwama. Mume haendi peke yake mikono mitupu. Anakwenda na mzee wa ukoo wake na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, wanakaa, wanasemwa, wanakiri, wanakunywa, ndipo mke anarudi. Akienda peke yake anakuwa kama mwizi mlangoni kwa watu, na wakwe wana haki ya kumfungulia mbwa. Mzee wetu alikuwa Babu mdogo, ndugu wa marehemu babu yangu, mtu mwema sana, lakini hakuhamisha hata kigoda bila kumtazama Bibi usoni. Na Bibi alisema hivi: "Aliyenoba kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake." Basi. Haikukanyagwa ndizi hata moja. Zaidi ya hapo, akaanza kumtaja msichana fulani wa Kahororo, kwanza kwamba ana adabu, halafu kwamba ana afya, halafu kwamba ametoka kwenye nyumba ya wavulana watupu. Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Nilijua huyo wa Kahororo akiingia mlangoni, Mae haingii tena.

Nilichotaka mimi duniani kilikuwa kimoja, mama yangu arudi. Nilimwomba Mungu, nilimwomba Bikira Maria, na nilipoona wote wana kazi nyingi nikawa namsubiri Tata afanye kitu. Tata alikuwa anaendesha gari, anarudi, anaogesha gari, anakula, analala.

Halafu nikaona masizi.

Nilikuwa nasugua gurudumu la mbele. Vumbi jekundu limekwisha shuka, na chini yake, pale katikati kuzunguka kitovu cha gurudumu na kwenye vile vitundu vyake, kulikuwa na unga mweusi. Si tope. Mwembamba, laini, unateleza kwenye vidole, ukishika unaingia mpaka kwenye mistari ya ngozi. Nikaunusa. Ulinukia kuungua, kama chungu kilichosahauliwa motoni. Nikakaa chini kwenye majani mabichi, kwa sababu mimi nilikuwa nauelewa ule weusi. Yalikuwa masizi ya jiko la Mae.

Nilikuwa na ushahidi wangu, msidhani. Tata akitumwa Kashozi, magurudumu yalirudi mekundu tu. Akitumwa Kanazi, mekundu tu. Ila akitumwa Muleba kwenda kwa wanunuzi wadogo, ndipo yanarudi na masizi, na Kamachumu si iko njia ya huko? Nikajenga kisa chote kichwani. Tata anafika kwa wakwe zake, analiegesha gari nyuma ya jiko, pale wanawake wanapomwaga majivu na kukung'uta masufuria. Mae anamkaribisha. Wanakula pamoja. Na ninyi nyote mliobaki Buhembe hamjui, ila mimi. Niliwaona hata wanavyokaa, Mae upande wa moto, Tata ameegemea mlango. Furaha niliyoipata siku hiyo sijui kama nimeipata tena, na nimeolewa, na nimezaa.

Nikachukua kidogo kwa kidole, nikajipaka kwenye ncha ya pua.

Tata alizunguka na ndoo akanikuta hivyo. Alisimama. Akauliza, "Umefanya nini puani?" Nikamwambia, "Nimepikwa." Akaweka ndoo chini, akanipangusa kwa kidole gumba, taratibu, akageuka kwenda kuosha kioo ambacho alikuwa ameshakiosha.

Baada ya siku chache alikuja na donge la nta kutoka kwa mrina asali mmoja. Alichemsha kwenye kopo, akaliondoa motoni, akamimina mafuta ya taa, akakoroga kwa kijiti mpaka ikawa laini kama siagi. Halafu akapaka rimu. Alipaka kwa kitambaa, nje tu, akiacha nafasi kuzunguka katikati, akisema peke yake, "Isiguse ndani. Ikigusa ndani gari halisimami." Ikikauka anazisugua na kitambaa kingine mpaka unajiona. Nikauliza ya nini. Akasema, "Ule weusi hautashika tena. Ukipangusa tu umekwenda."

Mawe, mama yangu wee! Nililia. Nilijitupa kwenye nyasi nikalia kilio cha msiba. Tata akaogopa, akadhani mafuta ya taa yameniingia machoni. Nikamwambia, "Unamfukuza Mae! Masizi yake yasiposhika nitajuaje kama ulikula kwake?" Sasa ninyi wazazi semeni, mngejibu nini? Alinitazama mdomo wazi. Alichuchumaa, mikono yake inanuka nta, akanishika masikio yote mawili kama anavyofanya mtu anayetaka kusema jambo kubwa, na hakulisema. Hakuniambia nimekosea. Alichosema ni, "Nitakuachia gurudumu moja." Na kweli, la nyuma upande wa kushoto hakulipaka nta. Liwe langu.

Baadaye nilikuja kuelewa ile nta ilikuwa ya nini. Kila dereva wa Bukoba, na kila tajiri mwenye macho, alijua kusoma rimu. Njia ya kawaida ya Muleba haina mteremko wa kutisha. Rimu zikirudi nyeusi maana yake gari limeshuka mlima mrefu, breki zimebanwa kutoka juu mpaka chini, na mlima huo ni Kamachumu, ambako dereva hakutumwa. Tata alikuwa anaficha. Alimficha tajiri, na zaidi ya tajiri alimficha mama yake.

Lakini gurudumu la nyuma kushoto halikufichwa, na mimi nilikuwa na pua.

Bibi alinikuta mlangoni nimejipaka puani. Akadhani nimechezea masufuria yake. "Nani amekutuma jikoni?" Nikamwambia kwa kiburi chote cha mtoto mwenye siri nzito, "Sijaingia jikoni kwako. Haya ni masizi ya Mae. Tata huyaleta kwa magurudumu akitoka kula kwake." Bibi aliinuka. Alikuwa mzee wa kujikokota, lakini siku hiyo alifika penye gari kabla yangu. Akainama, akapitisha kidole kwenye lile gurudumu langu, akakitazama, akakinusa. Tata alikuwa amelala chini ya gari anafunga kitu, miguu tu inaonekana.

"Toka huko," Bibi alisema.

Akatoka, akapiga magoti palepale kama ilivyo heshima.

"Unakula kwa wakwe zako kimyakimya? Sisi huku tumekaa tunalinda jina la marehemu baba yako, wewe unajipenyeza kama paka?"

"Sijala, mama."

"Na haya masizi?"

"Si masizi. Ni breki. Ndani ya gurudumu kuna kitu kinabana chuma gari lisimame. Ukishuka mlima mrefu kinasagika, kinatoa unga."

Nilimsikia. Si masizi. Nilihisi kama mtu aliyenyang'anywa kitu kutoka mdomoni. Bibi alikuwa bado amenyoosha kidole chake cheusi hewani.

"Mlima upi?"

Bibi akajijibu mwenyewe, polepole. "Umepanda Kamachumu."

"Nikitumwa Muleba, napanda."

"Kila ukitumwa?"

"Kila nikitumwa."

"Na ukifika juu, kama huli, unafanya nini?"

Tata alitazama nyasi. "Nageuza gari," alisema.

Mimi sikuelewa. Niliona tu sura ya Bibi inabadilika, inalegea, mdomo unatetemeka kidogo kama wa mtu anayetaka kupiga chafya. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, "Unageuza tu?" Tata akasema, "Nafika kwenye mikaratusi, pale njia inapoingia kibanjani kwao. Nazima. Nakaa kidogo. Halafu nageuza." Bibi alifuta kidole chake kwenye kanga, akakifuta tena, ule weusi hautoki upesi. Akarudi ndani. Nilimfuata Tata nikamuuliza, "Kwa hiyo hukumwona Mae hata mara moja?" Akatikisa kichwa. Ndipo nikalia upya, na safari hii nililia kimyakimya, nimejifunza kwake.

Kesho yake asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nilisikia sauti ya Bibi kibanjani inamfokea Babu mdogo. "Unangoja nini? Ndizi zimeiva shimoni mpaka zinaoza, nani atazikanyaga, mimi?" Babu mdogo, maskini, hakujua kosa lake ni lipi, alikuwa amesubiri ruhusa hiyo tangu siku ya kwanza. Alizikanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa mti, suruali imekunjwa mpaka magotini, akaimba. Mtama ukakaangwa, ukasagwa, ukachanganywa, ukafunikwa kwa majani. Lubisi ilipokuwa tayari Bibi aliionja kwa mrija, akakunja uso, akasema itafaa.

Tata alimwendea tajiri akamwomba gari. Kwa mtu asiyesema, kuomba gari la mwenye gari ni kama kuomba shamba. Alirudi anatabasamu peke yake. Tajiri alikuwa amemwambia, "Nenda. Mimi nanunua kahawa miaka mingi, harufu ya nta sitaijua? Ila rimu zangu zirudi safi."

Tulidhani atakwenda Babu mdogo na Tata. Asubuhi ya safari Bibi akatoka amevaa kanga yake ya kanisani, rozari shingoni. Babu mdogo akashtuka. "Shemeji, mama mkwe hamfuati mkwe. Haijapata kuonekana." Bibi akasema, "Leo itaonekana. Mtoto naye aje." Akaingia kwenye gari, lakini alivua kandambili zake kwanza, akaziacha nje juu ya nyasi kama anaingia nyumba ya watu, tukaja kuzikumbuka tumeshafika Muhutwe. Kibuyu cha lubisi alikipakata mwenyewe. Gari likipiga shimo anasema "Yesu wangu," na lubisi inajibu ndani ya kibuyu.

Tulipoanza kupanda Kamachumu, mazungumzo yaliisha. Njia inakwenda inajikunja, upande mmoja mlima, upande mwingine huoni kitu ila vilele vya migomba ya watu huko chini kabisa. Gari lilikuwa linanguruma kama ng'ombe mgonjwa. Bibi alitazama dirishani, akatazama mgongo wa mwanawe, akatazama dirishani tena.

"Huu wote umekuwa ukiupanda?"

"Ndiyo, mama."

Tukakunja kona nyingine. Bibi akasema, kana kwamba anakiambia kibuyu, "Mimi nilinoba, nilipokuwa kijana. Nilikaa kwetu nikingoja. Baba yako hakupanda hata kichuguu. Nilirudi mwenyewe, kwa miguu yangu." Babu mdogo alikohoa. Marehemu alikuwa kaka yake.

Kwa wakwe tulipokelewa kama inavyopasa kupokelewa watu wenye kosa, yaani vizuri sana na bila tabasamu. Nyumba imetandikwa nyasi mpya, kigoda kwa kila mzee, Bibi na mimi tukakaa chini. Mae hakuonekana. Nilizungusha macho mpaka shingo ikauma. Wakaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kila mgeni akachukua punje zake, kwa kuwa kuzikataa ni kukataa watu. Babu mdogo akatoa maneno ya mwanzo, marefu, mazuri, yasiyosema kitu. Babu yangu wa Kamachumu, baba yake Mae, alisikiliza macho yamefumba.

Kabla hajajibu, Bibi akapiga magoti mbele. "Waitu, maneno niliyatoa mimi. Ulimi hauna mfupa. Kama kuna faini ni yangu, kama kuna aibu nimekuja nayo." Wanaume wakatazamana. Mwanamke kusema pale, tena mama mtu! Babu wa Kamachumu akafumbua macho.

"Tumesikia mama," alisema. "Ila binti yangu hakuolewa na wewe. Mke ananoba, mwezi unaandama, mwezi unakufa, mume hatokei. Leo anakuja na kibuyu, anasemewa na mzee, anasemewa na mama. Yeye mwenyewe hana mdomo?"

Wote tukamtazama Tata. Alikuwa anatafuna kahawa. Nilimwona ameinamisha kichwa, taya linakwenda, nikajua atanyamaza, na akinyamaza tutateremka mlima bila Mae, na yule wa Kahororo atakuja. Nilitaka kupiga kelele. Kisha taya likasimama. Tata akaweka kiganja mdomoni, akazitoa zile punje, akazifumbata. Kutema kahawa ya watu mbele yao! Babu mdogo akafunika uso.

"Siku ile mama aliposema," Tata alisema, "nilikuwa natafuna hivi hivi. Mke wangu akanitazama. Nikaendelea kutafuna. Kosa ni hilo, na ni langu, si la mama." Sauti yake ilikuwa kavu, anaikokota. "Mtoto niliye naye ananitosha. Hilo ndilo nililopaswa kusema siku ile. Nalisema leo, kwa kuchelewa."

Babu wa Kamachumu akauliza, "Na kwa nini hukuja?"

"Nilikuja. Nilikuja mara nyingi. Nilifika kwenye mikaratusi yenu, nikaogopa, nikageuza."

Vijana waliokuwa mlangoni wakaguna kwa kicheko. Babu wa Kamachumu hakucheka. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi kwetu sisi hukuja."

"Alikuja."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa matete, chumba cha ndani. Haikuwa zamu yake kusema, hakuwa ameulizwa bado. Ilikuwa sauti ya mama yangu, na mimi nikasimama bila kujijua, Bibi akanishika kanga.

"Alikuja, tata," Mae alimwambia baba yake kutoka kule ndani. "Lile gari nalijua likiwa bado chini kabisa mlimani. Nikilisikia naacha jembe. Naoga, najipaka mafuta, navaa, nakaa hapa mlangoni nangoja. Linafika, linazima. Halafu nalisikia linashuka."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa nyasi, na mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini. Tata alikuwa bado amefumbata kahawa zake, machozi yanamtiririka, hayafuti, mtu mzima, dereva, mbele ya wakwe.

Mae akatoka. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti akamwinua Bibi kwanza, akamkalisha, akamweka sawa rozari yake shingoni. Kisha akamtazama Tata, na ule uchokozi wake niliokuwa nimeanza kuusahau ukarudi machoni. "Inuka basi," alisema. "Kunywa lubisi upesi, kabla hujageuza peke yako tena."

Nilichomoka mikononi mwa Bibi nikamrukia. Nikazungusha mikono shingoni mwake, nikaficha uso humo, na shingo yake ilikuwa bado ina maji ya kuoga.